Mwanya wa Koko Hautafungwa

Gihundwe, Jumanne alasiri.

Mvua ilinyesha tangu asubuhi, kisha ikakatika ghafla kama msemaji aliyenyang'anywa kipaza sauti. Barabara ya kushuka kutoka Kamembe imekuwa tope jekundu, na madereva wa pikipiki wanapita wameinua miguu yote miwili. Nimeketi barazani. Meno yananiuma kidogo, na nina hasira ya aina ile ninayoipenda: hasira iliyokwisha kupata kazi ya kufanya.

Shajara, nimekuficha jambo. Kwa miezi kadhaa nimeandika hapa kuhusu maktaba ya chuo inayofungwa kabla jua halijazama, kuhusu mikutano yetu, kuhusu kikosi cha midahalo, kuhusu kila aliyenikera na kila niliyemkera. Ukisoma kurasa hizi utadhani sina siri hata moja.

Ninayo. Iko kinywani.

Nimevaa vifuniko vya kunyoosha meno. Si zile nyaya za chuma zinazoonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Hivi ni vifuniko viwili vya plastiki nyembamba, angavu kama kioo cha saa, kimoja cha juu na kimoja cha chini, vilivyofinyangwa kwa umbo la meno yangu mwenyewe. Kila baada ya majuma kadhaa navivua na kuvaa jozi nyingine iliyochongwa tofauti kidogo, na jino husogea kidogo kufuata. Mtu akisimama karibu nami haoni kitu. Nilivichagua kwa sababu hiyo hasa.

Nitasema ukweli wote, kwa kuwa nusu ya ukweli ni mtindo wa wale ninaowapinga. Meno yangu ya chini yalikuwa yamebanana kama watu kwenye mlango mwembamba. Mawili yalikuwa yamegeuka upande, ufizi ulitoka damu kila nilipopiga mswaki, na nikizungumza kwa ukali nilijiuma ulimi. Hizo ni sababu za kitabibu, nazo ni za kweli. Ila sizo zilizonipeleka kwa daktari. Kilichonipeleka ni sentensi moja aliyoiandika mtu asiye na jina, chini ya video ya mdahalo wetu: "Huyu dada anapenda migomo mpaka meno yake yamegoma."

Niliicheka hadharani. Nikaijibu kwa mzaha mkali zaidi, na wenzangu wakashangilia. Kisha nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikachukua kioo.

Kwa hiyo niliamua meno yanyooke, na mwandishi wa sentensi ile asijue kamwe kwamba alinigusa. Sikumwambia Maman. Sikumwambia Fabrice, ambaye huzungumza baada yangu katika kila mdahalo na hunijua kuliko ndugu. Nilikwenda peke yangu kwa daktari wa meno anayekuja Kamembe mara moja kwa mwezi kutoka Kigali, nikaketi kwenye kiti chake nimebana midomo, na fedha nilizozipata kwa kufundisha watoto wa majirani Kifaransa nikazikabidhi bila kumweleza mtu.

Nani alijua kwamba siri inataka kazi kiasi hiki? Vifuniko hukaa kinywani mchana kutwa na usiku kucha. Hutoka wakati wa kula na wa kupiga mswaki tu. Vikiwa ndani, hunywi chochote isipokuwa maji yasiyo ya moto. Chai huvitia rangi, soda huyafungia meno sukari kama ndani ya chungu. Ukimaliza kula, unapiga mswaki kwanza, kisha unavisugua vifuniko kwa mswaki mwingine laini na sabuni ya maji, kwa maana dawa ya meno huvikwaruza vikafifia. Unapovivua, unavitia kwenye kikopo chake saa hiyo hiyo. Usivifunge kwenye karatasi, kwa kuwa karatasi hutupwa.

Nimejifunza nidhamu ambayo hakuna mhadhiri aliyewahi kunifundisha. Nimeacha mahindi ya kuchoma ya pale stendi ya Kamembe. Nimeacha kutafunatafuna ovyo nikisoma. Na kwa kuwa siku za kwanza kila "s" yangu ilitoka na mluzi, nilijifungia nyuma ya nyumba nikasoma kwa sauti kurasa nzima za sheria ya mikataba, kuku wa Maman wakinisikiliza kwa staha kuliko wajumbe wa upinzani. Mluzi ukaisha. Nilijiona nimeshinda.

Ndipo ikaja Jumapili.

Tulikwenda Nyakabuye, mimi na Maman, kula kwa Tantine Vestine, mdogo wake. Ni desturi yetu: baada ya ibada tunakutana huko, na Kiswahili chetu cha Bukavu kinarudi mezani kana kwamba hatujawahi kuvuka mto Ruzizi kurudi upande huu wa Rwanda. Maman na Tantine walizaliwa na kukulia kule. Mimi nilivuka nikiwa mtoto wa shule.

Nilipomaliza wali na sombe, yale majani ya muhogo yaliyopondwa, niliondoka kimya kama kawaida, nikaenda nyuma ya jiko na mswaki wangu mfukoni. Niliporudi nilikuta wawili hao wameketi bega kwa bega, wananitazama kama mahakama.

"Unaona, Vestine?" Maman akasema. "Kila akimaliza kula, anakimbia inje. Chai hataki. Muhindi hataki. Nikimupa ndizi, anasema atakula badaye."

Tantine akavuta kiti karibu. Sauti yake ikawa ya upole wa kutisha.

"Mwana wangu, sema tu. Iko ya nani?"

"Nini ya nani, Tantine?"

"Mimba."

"Tantine!"

"Usinifanyie Tantine! Mimi nimezaa batoto, ninajua muntu mwenye chakula kinamukataa."

Nilicheka, na kicheko changu kikawaudhi zaidi. Maman alikuwa ameanza kufuta macho kwa ncha ya kitenge. Basi, mimi niliyekwisha kusimama mbele ya umati wa chuo kizima, niliwageuzia mgongo, nikavua vifuniko vyangu, nikaviweka mezani kati ya sahani.

Tantine alisogeza kiti chake nyuma.

"Yesu wangu," Tantine akanong'ona. "Yaya, huyu mutoto meno yake yaliisha tukiwa wapi?" Yaya ni jina analomwita Maman, kwa kuwa ni dada yake mkubwa.

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, kwa utangulizi, hoja na hitimisho. Maman alipumua kwa nguvu kiasi kwamba paka aliamka. Tantine alikwisha kushika vifuniko kwa vidole viwili, akielekea jikoni.

"Niache nivichemshe, kama biberon ya maziwa ya mutoto. Bitakuwa na mikrobe."

"Vikiingia mu maji ya moto vitajikunja, Tantine! Haviwezi kuchemshwa!"

"Kintu chenye hakiwezi kuchemshwa, na unakiweka mu kinywa?"

Tukacheka sote watatu, na kwa dakika moja nilifikiri mambo yamekwisha. Kisha Tantine akaacha kucheka. Alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Cheka tena."

"Tantine, imetosha."

"Nimesema cheka." Alinitazama muda mrefu. "Yaya, kuya uone. Mwanya wa Mama iko wapi?"

Hapa lazima nieleze, kwa yeyote atakayesoma bila kutujua. Sisi tuna mwanya. Kwa Kinyarwanda huitwa inyinya, ile nafasi kati ya meno mawili ya mbele ya juu, na huku kwetu msichana mwenye nao husifiwa kabla hajasema neno. Koko, mama yake Maman, alikuwa nao. Alipovuka kwenda Kongo akiwa msichana, hakubeba shamba, hakubeba picha. Alibeba uso wake. Maman akaupata mwanya ule, Tantine akaupata, nami nikaupata. Kila mwanzo wa mwaka Koko alikuwa akichuma unyasi mmoja uani, anaumenya ganda, anaupitisha kati ya meno ya kila binti wa ukoo. Unyasi ukipita, anapiga makofi na kusema, "Wewe ni wangu." Nilikuwa naona haya mbele ya marafiki zangu, na huku nikisubiri zamu yangu kwa hamu.

Tena kuna kisa cha sokoni. Tuliporudi upande huu, Koko alikuwa amekwisha kufariki, na hatukuwa na mtu aliyetujua. Maman alianza kuuza vitenge sokoni Kamembe. Siku moja alicheka na mteja, na bibi mmoja mzee aliyekuwa akipita akasimama katikati ya watu, akamwambia, "Cheka tena, mwanangu." Alikuwa amecheza na Koko utotoni. Kwa mwanya ule tu alitutambua, akatupeleka kwa ndugu ambao hatukujua wapo hai. Hivyo ndivyo tulivyopata kwetu.

Maman aliinuka. Alitoka uani, akarudi na unyasi uliomenywa. Nilifungua midomo, naye akajaribu kuupitisha.

Ulijikunja.

Akajaribu tena kwa mkono mwepesi zaidi. Ukajikunja tena. Siku zote nilikuwa nikitazama meno ya chini kwenye kioo, nikishangilia kila jino linalogeuka kurudi mstarini. Na juu, mbele, mahali ambapo sikuwahi kuhitaji kutazama kwa sababu palikuwa pazuri, vifuniko vilikuwa vikifunga mwanya wa Koko kama mtu anayefunga mlango polepole ili usilie.

Tantine alianza kumlaani daktari. Maman hakumlaani mtu. Aliuliza neno moja tu.

"Alikuuliza?"

Shajara, unajua wito wetu wa mwaka huu. Nimeuandika hapa hadi umechoka nao. Uongozi wa chuo ulipobadilisha saa za maktaba bila kutushirikisha, mimi ndiye niliyepanda juu ya benchi nikasema kwamba saa zenyewe tunaweza kuzizungumza, lakini kwanza tuulizwe. Tuulizwe kwanza! Maneno hayo yako kwenye mabango, yako kwenye fulana ya Fabrice. Nimeyapaza hadi sauti ikakauka.

Na mtu ameingia kinywani mwangu, chombo chenyewe cha kupazia sauti, akapanga upya urithi wa bibi yangu, na hakuniuliza.

"Hapana," nilimjibu Maman.

Jana nzima nilikuwa moto. Asubuhi niliapa kuvitupa vifuniko chooni. Mchana nilitambua kwamba nikivitupa, meno ya chini yatarudi yalikotoka, ufizi utarudi kutoka damu, na mwanya hautafunguka kwa hasira yangu. Jioni nilijiuliza swali ambalo sikulipenda: nilipoonyeshwa kwenye kompyuta jinsi meno yatakavyosogea, macho yangu yalikuwa wapi? Nakumbuka vizuri. Yalikuwa chini, kwenye yale mawili yaliyogeuka upande, yale ya video. Picha nzima ilikuwa mbele yangu, juu na chini. Nilitazama aibu yangu tu.

Kama ningemwambia Maman tangu mwanzo, swali lake la kwanza lingekuwa lile lile. Lingeulizwa kabla, si baada. Siri yangu haikumzuia yule mtu asiye na jina kunijua. Ilimzuia mama yangu.

Leo daktari alikuwa Kamembe. Nilikuwa wa kwanza mlangoni, mvua ikininyeshea.

Ni mtu mpole, Mnyarwanda aliyekulia Tanzania, na Kiswahili chake kimepigwa pasi. Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Nilianza na haki ya mgonjwa, nikapita kwenye heshima ya mwili, nilikuwa naelekea kwenye ukoloni wa taya, aliponyoosha mkono.

"Dada, naomba kuelewa. Hukutaka mwanya ufungwe?"

"Hukuniuliza, daktari."

"Wengi wanaokuja kwangu hutaka ufungwe."

"Wengi si mimi."

Aligeuza skrini ituelekee sote wawili, akaanza upya tangu picha ya siku ya kwanza, na kwa mara ya kwanza nikaona meno ya juu. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia na ambalo limenikaa.

"Ni kosa langu kutokuuliza. Lakini mimi pia sikuwahi kukuona ukicheka. Tangu uje hapa, kila mara unafunga midomo. Nilidhani unauonea haya."

Hotuba yangu ilikuwa na majibu ya kila hoja. Hiyo haikuwa hoja. Niliketi.

Alinieleza yanayowezekana, bila kunipamba. Meno ya chini yanaendelea vizuri; hayo hatutayagusa. Ya juu itabidi yapigwe picha upya kwa kijiti chenye kamera, na vifuniko vipya vitengenezwe, vya kurudisha nafasi pale katikati na kuishikilia. Nitakawia kumaliza kuliko tulivyopanga. Baadaye nitalazimika kuvaa kishikizo kila usiku, pengine miaka mingi, kwa kuwa meno hupenda kutangatanga. Mpaka vipya vije, nibaki na jozi hii hii niliyoivaa, nisiguse ile inayofuata, kwa maana ile ndiyo ingemalizia kuufunga.

"Uko tayari kukawia hivyo, kwa ajili ya mwanya?"

"Niko tayari."

"Basi nahitaji kipimo. Nafasi iwe kiasi gani? Kidogo? Wastani?"

Nilifungua mkoba. Maman alikuwa ameufunga ule unyasi ndani ya kipande cha plastiki, akaupachika kati ya kurasa za daftari langu. Niliuweka kwenye sinia yake ya vyuma, kando ya vile vioo vidogo vyenye mpini.

"Huu upite. Usijikunje."

Alicheka hadi miwani yake ikapata ukungu. Kisha akaacha kucheka, akachukua kile chombo chake cha kupimia unene, akaupima unyasi wa Nyakabuye mahali patatu tofauti, akaingiza kipimo kwenye kompyuta mbele yangu, akaniomba nikisome kwa sauti na kukubali. Nikakisoma. Nikakubali. Nilipoinuka akaniambia, "Sasa cheka, nipige picha ya mwanzo mpya." Nikacheka, meno yote nje, na haikuwa rahisi.

Kutoka hapo nilipitia stendi. Fabrice alikuwa amesimama kwa yule mama anayechoma mahindi. Nilimwambia pale pale, mbele ya mama muuzaji, na nikavua vifuniko nikamwonyesha.

"Nilijua, camarade," akasema akitafuna. "Zamani ulikuwa unakula muhindi wangu nusu. Tangu uache, nimenenepa."

"Na haukusema kitu?"

"Nilikuwa ninaogopa utanipa hotuba."

Nilinunua mahindi. Niliyala yote nimesimama, kikopo kiganjani, nikaomba maji, nikapiga mswaki kando ya mtaro huku watu wanapita. Mama muuzaji aliuliza kama ni dawa. Nikamjibu kwamba ni vya kunyoosha meno, ila mwanya unabaki. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mwanya ubakie, ndiyo. Nani anatoa mwanya?"

Ningemwuliza yeye mapema, ningejiokoa na mengi.

Sijifanyi nimepona. Jumamosi tutasimama kwenye mdahalo wa fainali, nami nitazungumza wa kwanza nikiwa na vifuniko kinywani, na nikikasirika mluzi utarudi, kwa kuwa hurudi nikikasirika. Pengine yule asiye na jina atakuwepo. Pengine ataandika sentensi nyingine. Na aandike. Nitavua vifuniko mbele ya ukumbi nikitaka kunywa chai, nitavivaa tena nikimaliza, na mtu akiuliza ni nini, nitamjibu. Sioni tena sababu ya kutumia nguvu zangu kulinda kicheko changu dhidi ya watu wanaokipenda.

Maman amerudi kutoka sokoni sasa hivi. Amesimama mlangoni na mwavuli wake unaochuruzika.

"Alikubali?"

"Alikubali."

Ameweka vitenge ndani, akatoka uani, akarudi na unyasi mwingine, mbichi, bado na tone la mvua. Amenipa mkononi, akaenda zake kuwasha jiko.

Nimevua vifuniko. Nimevisugua kwa ule mswaki laini, nimevisuuza kwa maji baridi, nimeviweka kwenye kikopo, na kabla ya kuvirudisha nimejaribu.

Bado unajikunja. Utapita.